Vijiti vya kupimia mkojo nyumbani: maoni yangu, mama wa mtoto ambaye mkojo wake hurudi kwenye figo

Vijiti hivi nimevitumia vya kutosha sasa kuweza kuvisemea. Ninazungumzia vile vya mkebe wa vijiti 100, kila kijiti kina viraka 10 vya rangi, ambavyo kwenye maduka ya vifaa tiba ukisema "stripu za mkojo" wanakuelewa mara moja. Naviweka nyumbani hapa Tanga kwa ajili ya binti yangu wa miaka sita. Mkojo wake hupanda kutoka kwenye kibofu ukarudi kwenye figo ya kushoto, na figo hiyo imeshapata kovu. Kwa familia iliyo na mtoto wa namna hii, vijiti hivi vinafaa sana, na ningevinunua hata bei ingeongezeka. Ila vina masharti, na mengi katika masharti hayo muuza duka hakwambii. Nimeona niyaandike kwa wazazi wenzangu.

Kwanza nieleze ugonjwa wenyewe, maana bila kuuelewa huwezi kujua kijiti kinakusaidia nini. Mkojo ukishatengenezwa kwenye figo hushuka kwa mirija miwili, mmoja kila upande, mpaka kwenye kibofu. Pale mrija unapoingia kibofuni haupiti moja kwa moja. Unapita kimshazari ndani ya ukuta wa kibofu, ili kibofu kikijaa na kikibana kutoa mkojo, mrija nao ubanwe na pasiwe na njia ya kurudi juu. Binti yangu alizaliwa kipande hicho cha mrija wa kushoto kikiwa kifupi. Kibofu kikibana, mkojo mwingine unatoka nje, mwingine unapanda. Mkojo safi ukipanda kidogo si jambo la kuwatia madaktari hofu kubwa. Hofu iko kwenye mkojo wenye bakteria. Huo ukifika kwenye figo unaleta maambukizi, mtoto anawaka homa, na pale palipoumia panaweza kubaki kovu. Sehemu yenye kovu haichuji tena. Makovu yakizidi, mtoto anaweza kukua akiwa na presha ya kupanda, protini ikavuja kwenye mkojo, na baadaye figo zikashindwa kazi.

Homa za binti yangu zilianza hajafika hata miaka miwili. Zahanati tuliyokuwa tukimpeleka (jina naliacha) ilikuwa kila homa ni malaria, na kipimo kikikataa malaria, basi ni taifodi. Mkojo hakuna aliyeuomba. Anapewa dawa, homa inashuka, baada ya wiki chache tumerudi palepale. Mtoto wa umri huo hawezi kukwambia kuwa anaumia akikojoa. Anakataa kula, analia, anatapika, na mara nyingine hana dalili nyingine yoyote zaidi ya homa. Daktari wa watoto aliyekuja kugundua tatizo alinieleza kuhusu utafiti uliofanyika hapahapa kwetu, Dar es Salaam na Ifakara, ukachapishwa mwaka 2014. Walichunguza watoto 1,005 wenye homa. Malaria walikuwa nayo karibu 10 katika kila 100, na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, karibu 6 katika kila 100. Sita si wachache. Kila ninapomwona mama amebeba mtoto wa homa, na kwenye karatasi yake wameandika malaria peke yake, namwuliza kwa upole: "Mama, mkojo wamepima?"

Baada ya altrasaundi tulipelekwa Dar kwa picha inayoitwa MCUG. Mtoto anawekwa mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo, kibofu kinajazwa dawa inayoonekana kwenye eksirei, halafu anaambiwa akojoe huku picha zinapigwa. Nilivalishwa lile aproni zito la kujikinga na mionzi nikasimama kichwani pake nimemshika mkono. Kwenye skrini nikaona mstari wa dawa unapanda upande wa kushoto, taratibu, mpaka kwenye figo. Wakasema ni daraja la 3. Madaraja yako 5: la 1 mkojo unaishia kwenye mrija tu, la 5 mrija umetanuka sana na kujipindapinda. Binti alilia wakati wa mpira, halafu akanyamaza. Mimi ndiye niliyebaki na ule mstari machoni.

Tukarudi Tanga na maagizo. Dawa ya kinga kijiko kidogo kila usiku, maji ya kutosha, choo kisifunge, akojoe kila baada ya saa mbili au tatu asingoje mpaka abanwe. Na agizo moja lililokuwa zito kuliko yote: akipata homa ambayo sababu yake haiko wazi, mkojo upimwe siku hiyohiyo. Dokta alisema matibabu yakichelewa siku mbili tatu, hatari ya kovu jipya inakua. Sasa niambie, homa ya mtoto inachagua saa? Maabara ya karibu na sisi inafungwa jioni, na Jumapili haifunguliwi. Ndipo nilipomwuliza kama ninaweza kukaa na vijiti nyumbani. Akasema ninaweza, mradi nivichukulie kama kengele ya kuniamsha, na hukumu niiachie maabara. Neno hilo nimelishika, na maoni yangu yote kuhusu bidhaa hii yamesimama juu yake.

Mkebe wa kwanza niliushika kwenye duka moja ambalo hulijui wala sitakutajia. Ulikuwa kwenye rafu ya dirishani, jua la mchana linaupiga. Nikamwomba kijana wa dukani anifungulie nione ndani kabla ya kulipa. Utepe wa kuziba ulikuwa umeshakatwa. Nikatoa kijiti kimoja nikakilinganisha na picha iliyo ubavuni mwa mkebe. Kiraka cha naitraiti, kile cha kuonyesha dalili ya bakteria, ambacho kinatakiwa kiwe cheupe kabla hakijaguswa na mkojo, kilikuwa kimeanza kuwa cha waridi.

"Mama, hivyo ni vilevile tu, hiyo rangi si kitu," akaniambia.

"Mwanangu," nikamjibu, "kwenye kijiti hiki rangi ndiyo kila kitu."

Nikauacha. Mimi ni fundi cherehani, nimekulia kwenye vitambaa. Mteja akileta kitambaa cha bluu bahari na mimi nikamshonea kwa uzi uliokoza kidogo tu, mshono wote unaonekana. Kusoma kijiti cha mkojo ni kazi ileile ya kulinganisha uzi na kitambaa, na kama kijiti kimeshabadilika rangi hata kabla ya kuchovywa, utasoma kitu ambacho hakipo. Mkebe niliokuja kuununua niliagiza Dar, umefungwa vizuri, tarehe ya mwisho ilikuwa bado zaidi ya mwaka, shilingi 22,000. Kampuni ziko nyingi na mikebe inafanana. Jina la kampuni halikunishughulisha sana kama vitu vitatu: utepe uwe mzima, tarehe iwe mbali, na duka liwe limeuhifadhi mahali pakavu pasipo na jua.

Nije kwenye matumizi. Kwa shida yetu, viraka vinavyobeba uzito ni viwili: cha seli nyeupe na cha naitraiti. Seli nyeupe ni askari wa mwili, zikionekana kwenye mkojo kuna jambo linapigwa vita. Kiraka chake ni cha rangi ya maziwa, na kikikuta seli hizo kinakwenda kwenye zambarau. Naitraiti hutokana na bakteria, hasa wale wa jamii ya E. coli ambao ndio wanaoongoza kuleta UTI. Kiraka chake cheupe kinageuka waridi. Waridi hilo liwe limeenea kiraka chote. Vidoa vya waridi pembeni havihesabiki.

Muda ndio unaowashinda wengi. Kila kiraka kina muda wake wa kusomwa, umeandikwa kwenye mkebe. Kwenye huu wangu naitraiti ni sekunde 60, seli nyeupe ni dakika 2. Ukisoma mapema utasema hakuna kitu, na ukikiacha kijiti ukaenda kuipua chai ukarudi, viraka vyote vitakuwa vimekolea na utapata hofu ya bure. Kinachovywa mara moja, unakitoa palepale, unakifuta ubavu kwenye mdomo wa kikopo ili mkojo uliozidi udondoke, kisha unakishika kikiwa kimelala. Ukikisimamisha, mkojo unatiririka kutoka kiraka kimoja kwenda kingine na rangi zinachanganyika. Sekunde nahesabu kwa simu.

Na mwanga. Taa nyingi za majumbani hutoa mwanga wa njano, na chini ya mwanga huo maziwa na zambarau hafifu havitofautiani. Mchana nasogea mlangoni. Usiku natumia taa nyeupe ya cherehani, ile inayomulika kwenye sindano, na tofauti yake ni kubwa kuliko mtu anavyofikiri.

Usiku mmoja wa masika binti aliamka anatetemeka, kipimajoto kikasoma 39.4. Hana mafua, hana kikohozi, tumbo halimwendeshi. Nikamwosha kwa maji matupu bila sabuni, akakojoa kidogo chooni kwanza, kisha nikakinga wa katikati kwenye kikopo safi. Nikachovya chini ya taa ya cherehani. Sekunde ya 40 waridi likaanza kuingia. Kufika 60 kiraka kizima kilikuwa cha waridi, wala huhitaji kuulizwa. Dakika ya pili cha seli nyeupe kikasimama kwenye zambarau iliyokoza, alama ya juu kabisa ya ile picha. Nikamwamsha baba yake, akamfuata jirani mwenye bajaji. Hospitali tulifika usiku uleule, nikasema mbele ya daktari wa zamu: "Shikamoo dokta. Huyu mkojo wake hurudi kwenye figo, kijiti kimeonyesha naitraiti na seli nyeupe, naomba mkojo uchukuliwe wa kuotesha kabla hajapewa dawa." Ukisema hivyo, wanakusikiliza. Mkojo ukachukuliwa, sindano ya antibayotiki ikaanza kabla ya asubuhi. Majibu ya kuotesha, yaani kukuza bakteria wa mkojo huo maabara ili wajulikane, yalipotoka siku ya tatu yalikuwa E. coli, na dawa aliyoanzishwa inaiua. Mkebe wangu umelipa bei yake kwa usiku huo mmoja.

Hilo la kuchukua mkojo kabla ya dawa mzazi mwenzangu ulishike. Antibayotiki ikishaingia, bakteria wanaweza wasiote tena kwenye maabara, na daktari anabaki anabahatisha ni dawa gani inafaa.

Sasa upande wa pili, maana bidhaa hii nisiisifu ikapitiliza. Kijiti kinaweza kukunyima habari. Naitraiti inahitaji mkojo uwe umekaa kibofuni muda, kama saa nne hivi, ndipo bakteria wapate nafasi ya kuitengeneza. Mtoto mdogo anayekojoa kila mara, au kama wangu aliyefundishwa kukojoa kila baada ya saa mbili, mkojo haukai. Halafu wako bakteria wengine ambao hawatengenezi naitraiti kabisa. Kwa watoto, karibu nusu ya maambukizi yanaweza kupita kiraka hiki kikabaki cheupe. Kikigeuka waridi kiraka kizima, amini karibu kwa uhakika. Kikibaki cheupe, usiape. Imeshatutokea: homa ipo, naitraiti hakuna, seli nyeupe hafifu kiasi ambacho mtu mwingine angesema ni kivuli. Kwa agizo la dokta tulipeleka mkojo ukaoteshwe hivyohivyo, na bakteria wakaota. Kwa hiyo kwa mtoto mwenye shida hii, homa isiyo na sababu inakwenda hospitali hata kijiti kikiwa safi. Kijiti kikionyesha kitu, mwendo unakuwa wa haraka zaidi na una cha kumwambia daktari. Hakina ruhusa ya kukulaza nyumbani.

Na kinaweza kukutisha bure. Seli nyeupe peke yake, bila homa, bila naitraiti, mara nyingine ni msichana amewashwa tu sehemu za nje, au mkojo haukukingwa wa katikati. Kikopo kilichosafishwa kwa jiki kinaweza kuonyesha damu ambayo haipo. Mkojo uliokaa kwenye joto letu la pwani unaotesha bakteria wake wenyewe, kwa hiyo upime papo hapo au ndani ya saa moja. Vitamini C nyingi inaficha naitraiti na damu. Dokta alinitajia vidonge, lakini ubuyu nao vitamini C yake si haba, na hapa kwetu mtoto bila ubuyu mfukoni ni nani? Nikitaka kupima nauweka kabatini mpaka mkojo utoke.

Kiraka cha tatu ninachokitazama ni cha protini. Hicho si cha siku za homa, kwa sababu homa yenyewe inaweza kuleta protini ya kupita. Nakitazama mara moja kwa mwezi akiwa mzima, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kiraka ni cha njano, kikikuta protini kinaingia ukijani. Figo yenye kovu ikianza kuchoka, protini na presha ni miongoni mwa dalili za mwanzo, na zote mbili hazimuumizi mtoto popote, anacheza kama kawaida. Presha tunampima kliniki kwa mkanda wa saizi ya watoto. Mkanda wa mtu mzima kwenye mkono mwembamba unasoma uongo, msiukubali. Asubuhi moja kiraka kilikuwa na ukijani kidogo, moyo ukaniruka. Nikatazama kiraka cha uzito wa mkojo, kikaonyesha mkojo mzito sana, na kweli jana yake alikuwa amecheza juani bila kunywa maji. Mkojo mzito hudanganya kiraka cha protini. Siku iliyofuata alikunywa maji vizuri, asubuhi yake njano tupu. Dokta alipoona nimeandika namba zote mbili pamoja na tarehe kwenye daftari, akaagiza maabara ipime uwiano wa protini kwa uhakika, ukawa salama.

Ndiyo maana nasema viraka 10 vina faida yake, ingawa vinne au vitano kati ya hivyo sivihitaji. Vile vya kuhusu ini na nyongo nimeviziba kwa kidole machoni pangu. Kuna mikebe yenye viraka viwili au vitatu tu na ni rahisi zaidi, lakini utakosa hicho cha uzito wa mkojo, na bila hicho protini hafifu itakunyima usingizi.

Malalamiko yangu makubwa ni unyevu. Vijiti hivi vinachukia hewa yenye maji, na sisi watu wa Tanga, Mombasa, Unguja tunaishi ndani ya hewa yenye maji. Kwenye kifuniko cha mkebe kuna dawa ya kunyonya unyevu, lakini kila ukifungua unaingiza hewa ya nje. Karatasi ya mkebe wangu inasema ukishafunguliwa vitumike ndani ya miezi mitatu. Joto lisizidi nyuzi 30, na Februari ndani ya nyumba ya bati hiyo ni ndoto, kwa hiyo unatafuta pembe iliyo baridi kuliko zote. Kwetu ni kabati la chumbani, ukuta usiopigwa jua. Friji hapana: ukitoa mkebe wa baridi kwenye hewa yetu, maji yanajitengeneza palepale juu ya vijiti. Jikoni na bafuni pia hapana. Tarehe ya kufungua naiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye mkebe. Natoa kijiti kimoja, mkono mkavu, nafunika palepale kabla hata sijachovya.

Piga hesabu hapo. Vijiti 100 kwa shilingi 22,000 ni 220 kwa kimoja, bei ya kutupa ukilinganisha na maabara, ambako huku kwetu kipimo cha mkojo hakipungui 3,000. Lakini mtoto mmoja kwa miezi mitatu hatumii vijiti 100, hata thelathini havifiki. Vilivyobaki unavitupa bila kuvitumia. Hata hivyo gharama inabaki chini ya ya maabara, ila inauma. Wapo walionishauri nivikate katikati kwa urefu ili viwe viwili, na mkasi wangu ungeweza kazi hiyo bila shida. Sikukata. Kiraka kikishakatwa ukingo wake unanyonya vibaya na rangi haikai sawa. Mzazi mwenzangu wa kliniki aliomba tugawane kwenye vifuko vya nailoni, nikamwomba radhi nikakataa, kwa sababu kijiti kikitoka kwenye mkebe wake siku mbili tu hakina habari ya kweli.

La pili ni maelezo. Karatasi iliyomo ndani ni ya Kiingereza na Kichina, maandishi madogo kama chembe za mchele. Bidhaa inauzwa Afrika Mashariki nzima, inaingia mikononi mwa mama, bibi, dada wa kazi, lakini Kiswahili hata mstari mmoja hakuna. Mpwa wangu anayesomea uuguzi alikaa na mimi jioni nzima tukaandika kwa Kiswahili sekunde za kila kiraka, tukabandika ndani ya mlango wa kabati. Bibi yake binti sasa anapima mwenyewe, miwani usoni, simu mkononi, na anasoma vizuri kuliko baba mtu. Waagizaji wa bidhaa hizi wangeweka karatasi kama ile kwenye kila mkebe wangeokoa watoto.

Kijiti hakiwezi kukwambia kama mkojo wa mtoto wako unarudi kwenye figo. Hilo linajulikana kwa picha. Wala hakiwezi kuonyesha kovu. Kama mtoto wako amepata UTI yenye homa zaidi ya mara moja, usikimbilie kununua mkebe, kimbilia kuomba altrasaundi na daktari wa watoto aamue kama MCUG inahitajika. Ugonjwa huu hutembea pia katika familia: karibu robo ya ndugu wa mtoto mwenye tatizo hukutwa nalo. Mdogo wake binti yangu tulimpeleka altrasaundi bila kungoja augue, na kila akipata homa naye anachovyewa kijiti chake.

Mzazi ambaye mtoto wake hana historia yoyote, sioni haja ya kuviweka nyumbani. Vitaharibika kwenye mkebe, au vitakutia wasiwasi wa kila siku. Mzazi mwenye mtoto ambaye mkojo hurudi, mwenye figo moja, au mwenye kovu tayari, aliye mbali na maabara, na daktari wake amemwonyesha namna ya kusoma: nunua. Kati ya nyota tano navipa nne. Ile moja nimeizuia kwa sababu ya ukubwa wa mkebe na maelezo yasiyosomeka. Binti yangu bado anakunywa dawa yake ya usiku, picha nyingine ipo mwakani, na tangu ule usiku wa masika hajapata homa ya figo tena.

Nasikia kuna mikebe ya vijiti 25. Mwenye kujua duka la Tanga au Korogwe linaloiuza, mkebe umefungwa na umekaa mbali na jua, naomba anijulishe.